Shangazi na Nafasi ya Mwenza

Shangazi yangu alikuwa fundi wa kuandika mabango. Ukimwambia mtu hivyo, anadhani alikuwa na ofisi na kompyuta. Hakuwa navyo. Alikuwa na ngazi ya mbao, makopo ya rangi ya mafuta, brashi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, na mkono usiotetemeka. Duka lolote la mtaani kwetu lenye herufi nzuri ukutani, zile nene zenye kivuli chekundu ubavuni, basi ujue ni kazi yake.

Alikuwa na mtindo wake. Anavuta kamba iliyopakwa chaki kutoka kona hadi kona ya ukuta, anaibana, anaiachia, na mstari umenyooka. Halafu haanzi na herufi ya kwanza. Anaanza na ya katikati, akielekea kulia, kisha anarudi kushoto. Nilipomuuliza sababu alisema, "Ukianzia mwanzo, ukifika mwisho herufi zinabanana kama ndugu kwenye picha ya harusi."

Hakuwa ameolewa. Si kwamba hakupata wa kumuoa. Alipokuwa msichana walikuja, wakaondoka, naye hakuwafuata. Tulikuwa tunaishi wote, yeye na mimi, nyumba ya vyumba viwili yenye kibaraza. Chumba cha mbele nilikifanya saluni, na kwenye friji ndogo niliyoweka soda za wateja kulikuwa na kikopo cha plastiki ambacho wateja wote walijua hakiguswi. Ndani yake ilikaa insulini ya Shangazi. Kisukari kilimpata mapema, cha kuchoma sindano asubuhi na jioni, naye alikizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Bima hakuwa nayo. Aliwahi kuuliza, zamani, akaambiwa kwamba mtu anayejitegemea, tena mwenye ugonjwa sugu, mchango wake si wa kitoto. Akashukuru, akarudi kwenye ngazi yake. Mwezi wenye kazi nyingi dawa ilikuwepo ya kutosha. Mwezi wa ukame aliibana kidogo sindano ya jioni ili chupa isogee mbele. Sista wa kliniki alimkanya mara nyingi. Shangazi alimjibu kwa adabu kwamba amesikia, na kusikia kweli alisikia.

Bwana Mita, kama tulivyokuja kumwita, aliingia katika maisha yetu kupitia mfuniko wa chuma. Siku hiyo Shangazi alikuwa anaandika ukuta wa duka la vipuri, makopo yake ameyapanga chini, na moja kubwa lilikuwa limekaa juu ya kisanduku cha mita ya maji. Akaja mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye sare ya shirika la maji na buti zilizochakaa, akasimama chini ya ngazi akisubiri. Alisubiri mpaka Shangazi akamaliza mkunjo wa herufi S, ndipo akasema:

"Samahani, Fundi. Rangi yako imekalia mita yangu."

"Ungesema mapema, kaka."

"Nikukatishe katikati ya S? Ingekuwa dhambi."

Shangazi alinisimulia hayo jioni, na nikaona kwamba alisimulia mara mbili.

Baada ya hapo, mita ya nyumba yetu ikawa na mambo mengi. Nyumba nyingine alizipita kama upepo: anafunua, anasoma, anafunika, ameshaondoka. Ya kwetu aliichuchumalia. Aliifuta vumbi. Aliuliza kama maji yanatoka vizuri, kama kuna bomba linalovuja, kama mzee wa nyumba ya nyuma hajambo. Wateja wangu, waliokuwa wamekaa na dawa kichwani, walianza kujua tarehe ya kusomwa mita kuliko mimi. Mmoja wao alisema, "Mita hii ikisomwa zaidi ya hapa itafaulu mitihani."

Bwana Mita alikuwa mjane wa miaka kadhaa. Alikuwa na binti mmoja tu, mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi mitaa ya jirani na mumewe. Hayo aliyatoa yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kila mwezi neno moja au mawili, kama mtu anayelipa kwa awamu.

Kisha ikatokea siku ambayo Shangazi alichoma sindano asubuhi, akakawia kula kwa sababu alitaka kumaliza ukuta kabla jua halijawa kali. Juu ya ngazi sukari ikamshuka, akaanza kutoka jasho la baridi. Kwa bahati njema aliteremka mwenyewe, akakaa chini na kuegemea ukuta, brashi bado iko mkononi. Bwana Mita alikuwa upande wa pili wa barabara. Hakuuliza maswali. Alivuka, akanunua soda, akaifungua, akamshikia mpaka akanywa nusu.

"Umejuaje?" Shangazi alimuuliza alipopata sauti.

"Marehemu mama yangu alikuwa na sukari. Kunywa na iliyobaki."

Akamsindikiza hadi nyumbani, ngazi ameibeba yeye. Pale kibarazani, huku mimi nikimsuka mteja na masikio yangu yakiwa nje, ndipo alipoharibu kila kitu.

"Fundi," alisema, "mimi nina bima ya kazini. Mke wangu alipofariki nafasi ya mwenza ilibaki wazi. Iko hivyo hivyo mpaka leo. Nimekuwa nikifikiri, ni nafasi inayokaa bure..."

Shangazi alifuta brashi yake kwa kitambaa.

"Kwa hiyo unatafuta mpangaji."

"Hapana, Fundi, sikumaanisha..."

"Nafasi iko wazi, inakaa bure. Umesahau kuniambia choo kiko ndani au nje."

Mteja wangu alicheka hadi nikamvuta nywele. Bwana Mita aliondoka kama mtu aliyemwagiwa maji, yeye ambaye maji ndiyo kazi yake. Mwezi uliofuata aliletwa kijana mwingine kusoma mita yetu, akamaliza haraka sana, na Shangazi siku hiyo hakuongea na mtu.

Nilimuuliza kama amechukia.

"Sikuchukia," alisema. "Amesema ukweli wa karatasi. Ila mimi si karatasi."

Bwana Mita alirudi Jumapili moja mchana. Safari hii hakuvaa sare. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe, na viatu badala ya buti. Alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, na akangoja mpaka akaribishwe.

"Leo sikuja kwa ajili ya mita," alisema.

"Naona."

"Nimekuja kusema nilianza na neno la mwisho. Neno la kwanza ni kwamba nikipita mtaa usio na maandishi yako, naona kama nimepotea njia. Hiyo bima hata ikifutwa kesho asubuhi, mimi mchana nitakuwa hapa hapa."

Shangazi alikuwa anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. Aliendelea kusafisha. Mimi nilitoka nje nikijifanya naanika taulo, na taulo lenyewe lilikuwa kavu.

Jibu lake lilichukua wiki kadhaa, na halikuwa rahisi, kwa sababu yule binti Mwalimu alikuwa amesikia habari, na habari aliyoisikia ilikuwa ya kibaraza, si ya Jumapili. Alimuuliza baba yake, na Bwana Mita, ambaye hakujua kuficha kitu, akaja kumsimulia Shangazi neno kwa neno: "Baba, huyo mama anakutaka wewe au anaitaka kadi?"

"Amekosea nini?" Shangazi alisema. "Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo."

Lakini neno lilikuwa limemchoma. Alikubali kuolewa, ila kwa sharti moja ambalo alimwambia mumewe mtarajiwa mbele yangu: asiandikishwe kwenye bima yake. Dawa zake atajinunulia kama alivyojinunulia miaka yote. Bwana Mita alibisha, akabembeleza, akanitazama mimi nimsaidie. Nilimtazama Shangazi nikaona hakuna wa kumsaidia.

Ndoa yao ilikuwa ndogo, ofisini kwa msajili, watu tukajaa benchi moja na nusu. Mwalimu alikuja, akavaa vizuri, akasalimia vizuri, na hakucheka. Baada ya hapo Shangazi alihamia kwa Bwana Mita, nyumba yenye ukumbi mrefu na madirisha ya kijani, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Friji ya huko ilikuwa kubwa na nzuri. Lakini insulini aliiacha kwenye friji ya saluni yangu. Alisema amezoea. Kila asubuhi na kila jioni alipita kwangu kuchoma, tunapiga soga, anakwenda zake. Mimi nilijua sababu, na sikuipenda. Hakutaka mumewe aone jinsi anavyoibana.

Aliyekuja kuona ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na Mwalimu alikuja saluni kusukwa. Alikaa kwenye kiti akiwa amejikaza, kama aliyekuja kwa adui kwa sababu tu adui anasuka vizuri. Joto lilikuwa kali. Akaomba soda, nikamwambia ajifungulie friji mwenyewe, mikono yangu imejaa mafuta. Niliposikia kimya nikageuka. Alikuwa amesimama na kile kikopo cha plastiki mkononi.

"Hii si insulini?"

"Ndiyo. Ya Shangazi."

"Na hii mistari?"

Kwenye kile kichupa, kwa brashi nyembamba kuliko zote, Shangazi alikuwa amechora mistari midogo myekundu, imenyooka, imeachana sawasawa, juu hadi chini. Ilikuwa mizuri, kama kazi zake zote. Kila mstari ulikuwa mpaka: siku fulani dawa isiteremke chini ya hapa. Mwalimu ni mtu wa hesabu. Aliangalia mistari, akaangalia chupa, akaona kwamba nafasi kati ya mstari na mstari ni ndogo kuliko mahitaji ya mtu.

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Na kwa nini hayuko kwenye bima ya baba?"

Sikuwa na namna. "Kwa sababu uliuliza kama anaitaka kadi."

Alirudisha kikopo mahali pake taratibu, akafunga friji, akakaa. Hakunywa hiyo soda. Nilipomaliza kumsuka aliondoka bila kujiangalia kwenye kioo, na mwanamke anayeondoka saluni bila kujiangalia kwenye kioo ana jambo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote watatu, na wote wanakubaliana. Alimkuta Shangazi jikoni anachambua mboga. Hakusalimia.

"Mama mdogo," alisema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuita hivyo, "unataka baba yangu afiwe mara ya pili?"

Shangazi akaweka kisu chini.

"Niliuliza swali la kijinga," Mwalimu aliendelea. "Umeshanijibu. Umenijibu miezi yote hii. Sasa basi, inatosha. Kesho tunakwenda ofisi ya bima, mimi na wewe. Baba atatukuta huko."

Shangazi alianza kusema kitu kuhusu kujinunulia mwenyewe. Mwalimu alivuta kiti, akakaa karibu yake, akaanza kuchambua mboga naye. Hawakubishana tena. Shangazi aliniambia baadaye kwamba angeweza kushindana na maneno, lakini hakujua ashindane vipi na mtu anayemsaidia kuchambua mboga.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofani, ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, mtu mmoja akikaa vibaya safu nzima inacheza. Waliokaa nao walikuwa watu wa kila namna, wazee, wenye watoto mgongoni, mwanamume mmoja mwenye tai aliyejua mambo yote. Alipowasikia wakizungumza, aliinama akawaambia kwa sauti ya chini: "Pale watakapouliza kama una ugonjwa sugu, sema huna. Ukishapata kadi, baada ya mwezi unaumwa. Wengi ndivyo wanavyofanya."

"Na wakijua?" Mwalimu aliuliza.

"Nani atawaambia?"

Shangazi alimshukuru. Kisha akasema, "Wanasema mficha uchi hazai. Kuzaa nimeshachelewa, kaka, lakini kuficha pia sikuzoea. Maneno yangu mimi huwa yanasomwa na mtaa mzima."

Aliyewahudumia alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, mpole, asiye na haraka. Alimuuliza Shangazi maswali, naye akajibu yote: kisukari, cha sindano, tangu lini, anatibiwa wapi. Bwana Mita, aliyefika na buti zake zenye tope, alikaa pembeni akiwa amenyooka kama mwanafunzi. Mama wa miwani alisikiliza, akaandika, halafu akatazama tarehe ya ndoa na akavuta pumzi.

"Mngekuja mapema," alisema. "Mwenza akiandikishwa ndani ya siku tisini tangu ndoa, anaingia moja kwa moja, hata na ugonjwa aliokuja nao. Siku hizo zimepita. Sasa kwa huo ugonjwa wa zamani kuna kipindi cha kusubiri. Miezi sita."

Bwana Mita akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Si kwamba huna bima," aliendelea. "Ukipata homa kesho, ukikatwa na kioo, unatibiwa. Ila insulini, vipimo vya sukari na yote yanayotokana na kisukari, mpaka miezi sita iishe. Kisha utachagua kliniki moja ya kukuhudumia, ndiyo hiyo hiyo kila mwezi, na kila mwaka watakuangalia macho, miguu na figo. Hilo la kila mwaka ni lazima, si hiari. Na ukihitaji hospitali kubwa, kliniki inakupa rufaa, sisi tunatoa kibali."

Shangazi aliuliza swali moja tu. "Na kama ningesema sina ugonjwa?"

Mama wa miwani alivua miwani ikaning'inia. "Ungepata kadi leo ikiwa haina neno. Na siku ungeihitaji kweli, tungeangalia nyuma, tungekuta, na pengine ungeachwa mlangoni. Nimewaona. Mimi ndiye ninayewapigia simu."

Njiani kurudi, Bwana Mita alisema miezi sita si mingi. Shangazi alicheka peke yake.

"Kiburi changu," alisema, "kumbe na chenyewe kina kipindi cha kusubiri."

Miezi hiyo sita, nikiikumbuka, ndiyo iliyowafanya kuwa familia. Insulini ilihamia kwenye ile friji kubwa. Walinunua kwa pamoja, bila siri, na chupa mpya hazikuchorwa mistari. Bwana Mita alichukua kazi ya kuzisoma. Kila Jumamosi anafungua friji, anachuchumaa, anainua chupa kwenye mwanga wa dirisha kama anavyosoma mita barabarani. Huko kazini kwake kazi ilikuwa kukamata watu wanaotumia maji mengi kuliko wanavyosema. Nyumbani alikamata kinyume chake.

"Fundi, matumizi yako ni madogo mno. Naona mita imekwama."

"Haikukwama. Nilisahau."

"Shirika halikubali sababu hiyo."

Naye Shangazi anachoma sindano yake kamili, akinung'unika kwamba ameolewa na serikali. Lakini usoni alikuwa ameanza kujaa, na ile kiu iliyokuwa inamwamsha usiku ikapungua.

Siku kadi ilipoanza kufanya kazi kwa kisukari nilimsindikiza mimi, maana mumewe alikuwa zamu na Mwalimu alikuwa darasani. Kliniki aliyoichagua ni ile ile ya zamani, ya sista aliyekuwa anamkanya. Sista aliitazama kadi, akamtazama Shangazi, akatikisa kichwa akitabasamu. Kwenye dirisha la dawa Shangazi aliweka kidole kwenye kimashine, akasukumiwa insulini, sindano, na kasha la vipimo vya sukari. Alisimama pale pale.

"Mama, tayari," mtoa dawa alimwambia. "Umemaliza."

"Nimemaliza?"

"Umemaliza. Mpaka mwezi ujao."

Tulipotoka alikaa kwenye benchi la nje, mfuko mapajani. Hakulia, si mtu wa kulia. Alifungua lile kasha akalitazama kwa jicho la fundi. "Herufi za kwenye kasha hili," alisema, "mtu kazipanga vizuri."

Kilichokuwa kigumu kwake kilikuwa ule uchunguzi wa kila mwaka. Miguu alikubali. Figo alikubali. Macho aliona ni dharau. Alisema mtu anayepiga mstari wa ukuta mzima bila kupinda anakwenda kuonyeshwa herufi kwenye kikaratasi ili iweje. Sista alimwambia ni lazima, si hiari, na mumewe akarudia maneno hayo hayo kila asubuhi mpaka akaenda ili apate amani.

Daktari wa macho alimwekea matone, akamwangalia kwa taa ndefu, kisha akamwangalia tena. Vishipa vidogo nyuma ya jicho la kushoto vilikuwa vimeanza kuvuja. Kidogo tu. Yeye mwenyewe asingehisi kitu kwa muda mrefu, na angekuja kuhisi wakati kitu chenyewe kimeshaharibika. Kwa sasa kunatibika, daktari alisema, kwa miale ya leza, hospitali kubwa. Kliniki ikaandika rufaa, ikaomba kibali.

Jibu likarudi: hapana. Mashine ilionyesha bado yuko kwenye kipindi cha kusubiri.

Nakumbuka jinsi alivyolipokea. Alikaa saluni kwangu akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akatazama nje kwa la kushoto tu, akasoma maandishi yote ya upande wa pili wa barabara, ambayo yote ni yake. "Naona vizuri kabisa," alisema. Nikajua anaogopa.

Asubuhi iliyofuata walipanda ghorofani, yeye na mumewe. Mama wa miwani alimkumbuka hata kabla hajakaa. Alifungua faili, akapekua, akagundua kwamba kumbukumbu za dawa zilikuwa sawa, ila aliyeingiza za vibali aliandika mwezi wa mbele badala ya mwezi halisi. Kosa la kidole. Alilirekebisha pale pale, na kibali kikatoka kabla hawajanyanyuka kwenye vile viti vinavyocheza.

"Na kwa kuwa kisukari chenyewe uliandikisha wewe mwenyewe," alimwambia, "hakuna la kuuliza. Jicho hili ni la kisukari hicho hicho. Nenda ukatibiwe, dada yangu."

Walimpiga miale mara tatu, kwa wiki tofauti. Haikuuma sana, alisema ni kama kutazama fundi wa kuchomelea vyuma kwa mbali. Akakatazwa kupanda ngazi kwa muda. Ule ndio ulikuwa mtihani wa kweli, kwetu sisi zaidi kuliko kwake. Alikuja kukaa saluni kutwa, akasoma chupa zote za shampuu na mafuta, akazikosoa moja moja. Hii herufi imeinama. Hii imenenepa tumbo. Wateja walimpenda. Mimi nilihesabu siku za kupona kwake kuliko alivyozihesabu yeye. Daktari alipomwangalia tena alisema kuvuja kumesimama, na macho yake yatamtosha kwa kazi, mradi sukari ikae mahali pake na arudi mwakani.

Wiki hiyo hiyo Bwana Mita alimsindikiza kliniki kuchukua dawa. Sista alikuwa katika siku zake za kumpima kila aliyeingia mlangoni, mgonjwa na msindikizaji. Alimfunga mkono, akapampu, akasoma, akapampu tena.

"Baba, presha yako iko juu."

"Ni hizi ngazi za hapa kwenu."

"Kliniki hii haina ngazi."

Akaambiwa arudi, akarudi, ikawa bado iko juu. Akaandikishwa naye kwenye mpango wa magonjwa sugu, dawa yake ya kila siku asubuhi, kupunguza chumvi. Kwa kuwa yeye ni mwanachama mwenyewe, tena wa miaka mingi, hakusubiri hata siku moja. Shangazi alilalamika jambo hilo kwa furaha isiyofichika.

"Mimi nimekaa mlangoni miezi sita, wewe unaingia kama mwenye nyumba."

"Ni kwa sababu mimi ndiye mwenye nyumba."

"Basi mwenye nyumba, weka hicho kichumvi chini."

Sasa wanakwenda kliniki siku moja, wote wawili, mapema kabla ya foleni, na huko wana marafiki, na wanajua habari za watu wengi kuliko sista. Mwalimu huwaletea mboga siku za Ijumaa, na hukaa mpaka jioni wakichambua pamoja, yeye na mama yake mdogo, wakimsema Bwana Mita akiwa pale pale anasikia.

Kuta ndefu Shangazi ameziacha. Anafanya za chini, zisizohitaji ngazi. Karibuni Mwalimu alimpatia kazi shuleni kwake, darasa la watoto wadogo kabisa, wakitaka wanyama ukutani. Shangazi maisha yake yote alikuwa mtu wa herufi. Alipiga kamba ya chaki kama kawaida, akagundua mnyama hana mstari ulionyooka hata mmoja. Alifuta mara nyingi. Watoto walikaa chini nyuma yake wakibishana: mmoja alisema ni mbwa, mwingine akasema si mbwa, mbona ana pembe. Bwana Mita, aliyepita akiwa kazini, alichuchumaa akamtazama mnyama yule kwa muda mrefu, akasema kwa uangalifu kwamba miguu ni mizuri.

"Ni ng'ombe," Shangazi alisema.

Akachovya brashi, akaandika chini yake kwa herufi kubwa, nene, zenye kivuli chekundu, NG'OMBE, ubishi ukaisha.